Konferensi Haichezi Mpira

Kuna swali ambalo Wamarekani wapenzi wa mpira wa vyuo huulizana kila mwaka kuanzia Agosti hadi Januari: konferensi ipi ina nguvu zaidi? Huulizwa redioni, huulizwa baa, huulizwa nje ya kanisa baada ya ibada. Watu wazima wenye wajukuu hununiana kwa ajili yake. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya takwimu huku, na maswali ya aina hiyo, ya nani mkubwa kuliko nani na tumejuaje, ndiyo niliyokuja kujifunza. Kwa hiyo naomba niseme bila kuzunguka: swali hili ni bovu. Ubovu wake unaonekana kwa hesabu ya shule ya msingi. Na linaendelea kuulizwa kwa sababu kuna watu linawaingizia fedha.

Nieleze kwanza mambo yalivyo. Mpira ninaousema ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili. Vyuo vikuu takriban 130 hushindana katika daraja lake la juu, lakini hakuna ligi moja ya taifa. Vyuo vimejikusanya katika vyama vinavyoitwa konferensi, kila chama na ratiba yake, bingwa wake na mkataba wake wa televisheni. Vinavyotunishiana misuli zaidi ni viwili: Big Ten ya kaskazini, iliyoanza mwaka 1896, na Southeastern Conference ya kusini, maarufu kama SEC, iliyoundwa mwaka 1932. Kila timu hucheza mechi 12 tu za kawaida kwa msimu, na nane au tisa kati ya hizo ni dhidi ya wenzake wa konferensi ile ile. Mwishoni, kamati ya watu 13 hukutana hotelini huko Grapevine, Texas, ikatangaza nani anaingia kwenye mchujo wa ubingwa wa taifa. Kuanzia msimu wa 2014 hadi 2023 nafasi zilikuwa nne. Tangu 2024 ni 12.

Sasa chukua kalamu. Timu 130, kila mbili zikikutana mara moja, ni mechi 8,385. Kila timu ikicheza mechi 12, jumla inakuwa 780. Yaani katika kila mechi kumi ambazo zingehitajika ili kila timu ikutane na kila nyingine, haifiki hata moja inayochezwa. Na sehemu kubwa ya hizo chache ni za ndani ya konferensi, ambazo kwa swali letu hazina msaada wowote. Ndani ya konferensi, ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwenzake. Ukijumlisha, kila konferensi, ya mabingwa au ya vibonde, humaliza mechi zake za ndani ikiwa na ushindi nusu na vipigo nusu. Haiwezi kuwa vinginevyo. Mechi za ndani zinaweza kukuambia nani ni mkubwa nyumbani. Kama nyumba hiyo ni kubwa kuliko ya jirani, hazijui.

Zinazobaki ni mechi za kuvuka mpaka, tatu au nne kwa kila timu. Baadhi ni mechi za haja. Nyingi ni dhidi ya timu ndogo zinazolipwa zije zifungwe mbele ya watu elfu themanini. Juu ya vipande hivyo vichache ndipo umejengwa mnara mzima wa maneno kuhusu nguvu za konferensi.

Meza ya jirani yangu ofisini anakaa mwanafunzi mwenzangu kutoka Alabama, mtu mpole, mwenye akili, anayejua nadharia ya uwezekano kuliko mimi. Ikifika Jumamosi akili hiyo huivua pamoja na koti. Georgia ikiifunga Tennessee, anasema Georgia ni moto. Tennessee ikiifunga Georgia, anasema mnaona konferensi yetu ilivyo ngumu, hata Georgia hupigwa. Oktoba 2024 Vanderbilt, timu ambayo kwa miaka mingi imekuwa mkia wa SEC, iliifunga Alabama 40–35, na wakati huo Alabama ilikuwa namba moja nchini. Ingetokea konferensi nyingine, wangesema mkubwa wao kumbe si mkubwa. Kwa SEC ikawa ushahidi kwamba hata mkia wao una meno.

Nilimuuliza: "Matokeo gani yangekufanya ukubali kwamba konferensi yenu imeshuka?"

Akafikiri kidogo. "Mabingwa wetu wakianza kufungwa na watu wa nje."

Nikamkumbusha Januari 2025, Georgia, bingwa wa SEC, alipofungwa 23–10 na Notre Dame, chuo ambacho katika mpira huu hakimo kwenye konferensi yoyote.

"Lakini mrushaji wetu mkuu alikuwa ameumia," akajibu.

Ni kweli, alikuwa ameumia. Nakubali kabisa. Ila naomba msomaji aiweke sentensi hiyo pembeni, tutaihitaji sasa hivi.

Msimu wa 2023, Florida State, chuo cha konferensi ya ACC, kilicheza mechi 13, pamoja na fainali ya konferensi yake, kikashinda zote 13. Mwezi Novemba mrushaji wake mkuu, Jordan Travis, alivunjika mguu. Timu ikaendelea kushinda bila yeye. Kamati ilipotangaza timu nne za mchujo, Florida State haikuwamo. Alabama, bingwa wa SEC aliyekuwa na kipigo kimoja, alikuwamo. Kabla ya hapo, hakuna bingwa wa konferensi kubwa aliyemaliza bila kufungwa aliyewahi kuachwa nje ya mchujo huo. Sababu iliyotolewa ni kwamba bila Travis, Florida State haikuwa timu ile ile.

Sasa irudishe ile sentensi ya pembeni. Mrushaji wa Florida State akiumia, ni sababu ya kuinyima timu nafasi hata kama inashinda. Mrushaji wa Georgia akiumia, ni sababu ya kuisamehe konferensi nzima hata kama imefungwa. Jeraha ni lile lile, ila kwa mmoja ni hukumu na kwa mwingine ni utetezi. Wazee walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini walau mwamba ngoma huonekana akivuta.

Huletewa pia yaliyotokea baadaye. Florida State ilipelekwa kucheza na Georgia katika Orange Bowl, ikafungwa 63–3. "Unaona sasa?" Ninachokiona ni timu iliyonyang'anywa ilichokitafuta msimu mzima, ikaingia uwanjani bila wachezaji wake zaidi ya 20, wengine wakiwa majeruhi, wengine wameamua kulinda miili yao kwa ajili ya kazi ya kulipwa. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akiniletea ulinganisho wa namna hiyo, hapati alama.

Nataka nitende haki, kwa sababu hoja ya upande wa pili ina uzito wake. Kati ya msimu wa 2006 na 2022, misimu 17, vyuo vya SEC vilichukua ubingwa wa taifa mara 13. Saba kati ya hizo zilikuwa mfululizo. Hiyo si bahati nasibu, na atakayesema ni bahati hajui mpira wala hajui takwimu. Lakini tazama nani alizichukua: Alabama sita, Florida mbili, LSU mbili, Georgia mbili, Auburn moja. Vyuo vitano. Zote sita za Alabama zilipatikana chini ya kocha mmoja, Nick Saban. SEC ilikuwa na vyuo 12 hadi 14 katika miaka hiyo, na Vanderbilt, Kentucky na Mississippi State havikuchangia hata kombe moja. Walichochangia ni kusimama karibu na Alabama picha inapopigwa.

Ndiyo maana nasema swali ni bovu hata kabla hatujafika kwenye ushahidi. "Nguvu ya konferensi" ni maswali matatu yaliyovalishwa kanzu moja. Je, tunauliza nani ana timu bora moja? Tunauliza wastani wa timu zote? Au tunauliza mkia wake una nguvu kiasi gani? Konferensi inaweza kuongoza kwa moja na kushika mkia kwa jingine. Mshabiki huhama kutoka swali hili hadi lile kadiri anavyobanwa: ukimtajia Vanderbilt, anakutajia makombe ya Alabama, ukimtajia kwamba Alabama imefungwa, anakutajia ugumu wa Vanderbilt. Huwezi kumkamata kwa sababu hakai mahali.

Kuna tabia nyingine ya mpira ambayo hoja hii huifumbia macho: ubora haurithishwi kwa mnyororo. Septemba 2024 Northern Illinois, kutoka moja ya konferensi ndogo kabisa za daraja hili, ilikwenda nyumbani kwa Notre Dame ikashinda 16–14. Notre Dame hiyo hiyo ndiyo iliyomfunga bingwa wa SEC na kufika fainali. Tuseme basi Northern Illinois ni kubwa kuliko Georgia? Hapana, hakuna anayesema hivyo, na mimi sisemi. Lakini wakati mnyororo kama huo unapanda kuelekea SEC, watu wazima husimama mbele ya kamera na kuuita ushahidi.

Mwaka 2017 mnyororo ulipanda kuelekea upande mwingine, na tukaona unavyokatwa. Auburn iliwafunga Georgia na Alabama katika msimu wa kawaida. Timu hizo mbili ndizo zilizokwenda kuchezea fainali ya taifa. Auburn yenyewe ilifungwa 34–27 na UCF, chuo cha Orlando kilichomaliza na ushindi 13 bila kipigo, na ambacho hakikupewa hata nafasi ya nne, kwa sababu konferensi yake ilionekana dhaifu. Tangu 2023 UCF wako Big 12. Ushindi 13 kati ya 13 haukuwafungulia mlango, wakaenda kuomba uanachama kwa wenye mlango.

Nilipomweleza mjomba wangu mambo haya kwa simu, yeye ni Simba wa kulala na kuamka, alicheka, kisha akauliza, "Sasa hao wanaogombania nani mkubwa, si wacheze?"

Mjomba hajasoma takwimu, lakini ameishi ndani ya mfumo unaojibu swali hili kwa adabu. Shirikisho la Afrika, CAF, hupanga nchi kwa pointi ambazo klabu zake zimevuna katika mashindano ya bara kwa misimu mitano. Nchi 12 za juu hupeleka klabu nne badala ya mbili. Tanzania hupeleka nne. Nafasi hizo zimetokana na Simba kufika robo fainali za Afrika tena na tena, Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na Simba kufika fainali hiyo hiyo mwaka 2025. Unaweza kuilalamikia CAF kwa mengi, na sisi hatujambo kwa kulalamika. Lakini pointi za ligi yetu zilitafutwa ugenini, dhidi ya watu wasiotupenda, na kanuni ya kuzihesabu ilikuwepo kabla mpira haujaanza. Hakuna aliyekaa hotelini akaamua kwamba Ligi Kuu ya Tanzania ina sura ya kupendeza.

Hata ushabiki wetu una uaminifu fulani. Sisi tuliokulia jirani na Uwanja wa Kirumba, Mwanza, tunajua kwamba Simba ikicheza na wageni kutoka Misri au Algeria, shabiki wa Yanga ndiye mwenyeji wao mkarimu kuliko wote. Anaweza hata kuvaa jezi yao. Kusini mwa Marekani ni kinyume. Chuo kimoja cha SEC kikishinda mechi kubwa ya nje, jukwaa hupaza herufi tatu, S-E-C, S-E-C, na mahasimu wake wa miaka mia hudai kwamba ushindi huo ni wao pia. Nilishangaa hadi nilipofuata fedha. Shabiki wa Yanga hapati kitu Simba ikisifiwa. Chuo cha mkiani mwa SEC hupata.

Agosti 2022 Big Ten ilitangaza mikataba ya miaka saba na Fox, CBS na NBC, inayokadiriwa kuzidi dola bilioni 7. SEC nayo ina mkataba wake na ESPN, na ESPN hiyo hiyo ndiyo inayorusha mchujo na kutangaza orodha za kamati kila wiki. Katika mgawo wa fedha za mchujo unaoanza 2026, Big Ten na SEC kila moja imetengewa takriban asilimia 29. Zaidi ya nusu ya chungu ni ya konferensi mbili, hata kabla mtu hajapiga mpira teke. Sifa huleta mkataba, mkataba huleta makocha na viwanja, makocha na viwanja huleta vijana bora, na vijana bora huleta sifa. Vijana wenyewe walichezea ufadhili wa masomo tu kwa vizazi vingi. Waliruhusiwa kuvuna kutokana na majina yao mwaka 2021, na vyuo vilianza kuwalipa moja kwa moja mwaka 2025. Kwa hiyo mtu akisema redioni kwamba SEC ina nguvu, hasemi tu habari ya jana. Anaandika hundi ya kesho.

Ushahidi wa wazi kwamba nguvu inayozungumzwa haipo uwanjani ni kifo cha Pac-12. Hii ilikuwa konferensi ya pwani ya Pasifiki, yenye historia ya zaidi ya karne moja. Mwaka 2022 USC na UCLA walitangaza kuhamia Big Ten. Agosti 2023, mkataba mzuri wa televisheni ulipokosekana, Oregon na Washington wakafuata, wengine wakakimbilia Big 12. Stanford na California, vyuo vinavyotazamana na Pasifiki, vikajiunga na konferensi ya pwani ya Atlantiki, na jina halikubadilishwa. Vilibaki viwili, Oregon State na Washington State. Na msimu huo huo wa mwisho, Washington, bingwa wa Pac-12, alishinda mechi 14 mfululizo akafika fainali ya taifa. Konferensi ilikufa bingwa wake akiwa uwanjani anashindania kombe. Kama nguvu ni mpira, ilikufaje?

Anayelipa bei ya hayo hatajwi kwenye mjadala. Chuo kinachonifadhili ni kimojawapo cha vilivyohama. Katika darasa la mazoezi ninalosaidia kufundisha yuko msichana anayecheza voliboli. Voliboli haina mkataba wa mabilioni, lakini chuo kikihama konferensi kwa ajili ya mpira wa Jumamosi, voliboli nayo hubebwa kama mzigo. Kutoka Seattle hadi chuo cha Rutgers, New Jersey, ambavyo sasa vimo katika Big Ten moja, ni karibu kilomita 4,000, umbali usiopishana sana na Dar es Salaam hadi Cairo. Msichana huyu aliniandikia usiku mmoja akiwa uwanja wa ndege, mabegi chini, akiomba jaribio lake lisogezwe. Nililisogeza. La pili nalo nikalisogeza. Hakuna mahali kwenye karatasi zangu pa kuandika kwamba kachoka kwa sababu kuna watu wanataka konferensi yao ionekane kubwa kuliko ya wenzao.

Ninachodai si miujiza. Kwanza, kila timu ya konferensi kubwa icheze angalau mechi mbili kila Septemba na timu za konferensi nyingine kubwa, zipangwe kwa kura ya wazi, nyumbani na ugenini, wala wakurugenzi wa michezo wasiruhusiwe kujichagulia vibonde. Pili, kama nguvu ya konferensi itahesabiwa kumpa mtu nafasi, ihesabiwe kwa mechi hizo pekee, kwa kanuni iliyochapishwa kabla ya msimu kuanza, ili mtu yeyote mwenye kikokotozi aihakiki. Tatu, timu ikishinda zote, iingie. Kama ni dhaifu, uwanja utasema, na uwanja hauhitaji hoteli ya Grapevine.

Watasema mechi za namna hiyo ni hatari, kwamba timu kubwa inaweza kupoteza msimu kwa kipigo cha mapema. Msimu wa 2024 Ohio State walifungwa mara mbili, mara moja nyumbani na Michigan, na bado wakatwaa ubingwa wa taifa. Nafasi sasa ni 12. Kipigo kimoja hakiui mtu. Wanachokihofia ni jibu. Wakicheza na kushinda, watapata walichokwisha kujipa. Wakicheza na kushindwa, watapoteza kitu ambacho maneno peke yake yamekuwa yakiwalindia.

Na wewe unayesoma haya ukiwa kijiweni Temeke au Nyamagana, usidhani ni mambo ya watu wa mbali. Ligi gani kali, ya Uingereza au ya Hispania, yetu au ya Kenya: tunabishana hadi chai inapoa. Tubishane tu. Lakini atakayekuambia ligi yake ina nguvu, muulize mambo matatu: mmecheza na nani wa nje, lini, na matokeo gani yangekufanya unyamaze. Asipokuwa na jibu la hilo la tatu, mwache alipe chai, muendelee na mazungumzo mengine.